Shangazi Mkasi Anajibu: Droo Imejaa, Kadi Haitoki

Barua za safari hii zimenifikia zikiwa na ushahidi. Moja ina tone la gundi lililokaukia juu ya tarehe. Nyingine ina alama ya kidole cha wino wa buluu katikati ya swali, na mwandishi wake ameizungushia duara akaandika, "Samahani, Shangazi." Usiombe samahani. Vidole vyangu mwenyewe ni vya kijani tangu juzi na sabuni imesalimu amri. Naanza na swali refu kwa sababu linanihusu hata mimi.

"Shikamoo Shangazi. Nina droo nzima ya vipande: karatasi za kufungia zawadi, kurasa za kalenda, bahasha za zamani, hata lebo za nguo. Nikikaa kutengeneza kadi natumia saa mbili, nabandika weee, mwisho inafanana na ubao wa matangazo. Kipande kimoja kimoja ni kizuri. Nakosea wapi?" – Mwenye Droo

Marahaba, Mwenye Droo. Mkono wako hauna tatizo. Tatizo ni huruma: unakionea huruma kila kipande, unataka kila kimoja kipate zamu yake. Kadi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa na vipande 17, utepe, na kifungo cha shati. Niliyempa aliigeuza mara mbili akitafuta inakofungukia, kisha akaniambia, "Umejitahidi." Ukiambiwa umejitahidi kuhusu kadi, jua mambo yameharibika.

Fanya hivi. Mwaga droo yote mezani, kisha panga kwa rangi, si kwa uzuri. Ukipanga kwa uzuri utachukua vilevile unavyovipenda siku zote, navyo vitagombana, maana kila kimoja kimezoea kutazamwa peke yake. Chukua fungu la rangi moja tu, tuseme buluu. Humo toa vitatu: kimoja chenye michoro mikubwa, kimoja chenye mistari au vidoa vidogo, na kimoja kisicho na mchoro wowote. Hicho cha tatu ndicho adimu kwenye droo za watu, kwa sababu hakuna anayeweka akiba ya karatasi isiyo na kitu. Anza leo. Jicho nalo hutaka pa kutua.

Nikueleze iliyo mbele yangu sasa hivi. Ni kadi nyeupe ya milimita 105 kwa 148, yaani A4 iliyokatwa katikati, kisha nusu yake ikakunjwa. Vipande vyote vitatu nimeviokoa kwenye takataka: ile michoro ya buluu inayochapwa ndani ya bahasha za ofisini ili barua isisomeke kwa nje, ukingo wa kalenda wenye bahari, na kipande cha kijivu kutoka jalada la nyuma la daftari. Nimevifanya vyembamba na virefu, kimoja upana wa milimita 12, kingine 8, kingine 5. Vingelingana upana vingeonekana kama ngazi. Kile cha bahari sikukikata kwa mkasi. Nilikibana kwa rula nikakichana kwa mkono. Karatasi iliyochapwa upande mmoja ikichanwa hivyo, nusu moja hubaki na ukingo mweupe na nusu nyingine haina. Mimi nikachukua yenye ukingo mweupe, na bahari yangu ikapata povu bila kuchorwa.

Vyote vitatu vimelala chini kidogo ya katikati, na vikijumlishwa havizidi upana wa vidole viwili. Juu yake hakuna kitu. Chini yake hakuna kitu. Nilivipanga bila gundi nikaenda kuanika nguo, na nilipoondoka vilikuwa vinne. Niliporudi, nikiwa bado mlangoni, macho yalikwenda moja kwa moja kwenye kile cha nne, cha dhahabu. Nikakitoa. Dawa yako ndiyo hiyo: panga pasipo gundi, ondoka, rudi, ondoa kimoja. Kinachopiga kelele kuliko wenzake ndicho cha kutoka, hata kama ndicho ulichokitunza kwa miaka.

Vipande vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, tupa. Ndiyo, tupa. Na kama humo drooni mna magazeti, usiyabandike kwenye kadi unayotaka itunzwe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na lignini ikikaa kwenye mwanga na hewa hugeuka njano, kisha kahawia. Ukiyapenda sana maandishi yake, piga fotokopi kwenye karatasi nzuri, ubandike hiyo.

"Shangazi, nilichonga neno HERI kwenye raba ya kufutia. Nilipogonga muhuri likatoka kinyume, na mguu wa R ukakatika nilipogonga mara ya tatu. Nimetupa raba, sijatupa hamu." – Fundi Raba

Hamu ndiyo mtaji, raba zipo. Kwanza hilo la kinyume. Muhuri ni kioo: kilicho kulia kitatoka kushoto. H na I hazikukuumbua kwa sababu sura zao ni zilezile ukizigeuza; walioanguka ni E na R, na mpangilio wa neno zima. Neno UTATU ungeweza kulichonga vilevile lilivyo na likatoka sawa, herufi zote na mpangilio wake, lakini si neno la kuandika kwenye kadi ya arusi.

Usijaribu kuandika kinyume kwa akili. Mimi nilijaribu mwaka mzima, na S zangu zote zilikuwa na mashaka. Chukua karatasi nyepesi, andika neno kwa penseli laini, B au 2B, kwa namna ya kawaida kabisa, na ukoleze. Ilaze kifudifudi juu ya raba, ishike isisogee, kisha isugue kwa mgongo wa kijiko. Ukiinua, neno litakuwa limehamia kwenye raba likiwa limegeuka, kama unavyolitaka. Kabla ya kukata weka kioo kidogo mbele yake. Likisomeka vizuri kiooni, litasomeka vizuri kwenye kadi.

Sasa mguu wa R. Nina hakika ulikata wembe ukiwa umeinamia ndani, chini ya herufi. Herufi ikichimbwa hivyo inabaki kama meza ya mguu mmoja: juu pana, chini hamna kitu, nayo ikigandamizwa mara mbili tatu inakatika. Lazima iwe kama kilima, juu nyembamba na chini pana. Shika kisu kama kalamu, kilaze ili ncha yake ielekee nje ya mstari, kata kina cha milimita 2 hivi, zunguka mstari wote, ndipo urudi kutoka upande wa pili kukutana na mkato wa kwanza. Kijisehemu kitatoka chenyewe, chembamba kama uzi, na ukiona kinatoka mzimamzima bila kukatika ujue mkono umekubali. Kwenye mapindo usizungushe kisu, zungusha raba. Vidole vya mkono mwingine vikae nyuma ya wembe, kamwe visikae mbele yake.

Chagua zile raba nyeupe za plastiki laini. Zile za waridi zenye chenga hubomoka kwenye kona. Ila hizo nyeupe zina vituko vyake: mihuri yangu sita niliifungia kwenye kisanduku cha plastiki, na nilipokifungua baada ya miezi kadhaa ilikuwa imeshikana na kisanduku, sura zimeyeyuka. Mafuta yanayoilainisha raba huhamia kwenye plastiki nyingine na kuila. Tangu hapo kila muhuri nauvingirisha karatasi.

Na unapogonga, muhuri mkubwa usiuchovye kwenye pedi ya wino. Ugeuze uso juu, kisha uupigepige kwa pedi kidogokidogo mpaka wino uenee. Hapo hautajaza mashimo. Chini ya kadi weka gazeti lililokunjwa mara chache (gazeti lina kazi yake, mnaona). Shusha muhuri wima, gandamiza, hesabu mbili, inua wima. Ukiuchezesha utaona kivuli pembeni. Kila mara gonga kwanza kwenye karatasi ya takataka. Na ukigonga mara ya pili bila kuongeza wino, unapata mchoro hafifu wa rangi ileile. Huo hafifu si kosa. Mimi huutumia kwa majani yaliyo nyuma, na mchoro wenye wino kamili kwa ua lililo mbele, na kadi inapata umbali kwa pedi moja.

"Muhuri wa kiazi unatoa maji na rangi inatawanyika. Watoto wamekata tamaa." – Baba Watatu

Baba Watatu, kiazi ni maji zaidi kuliko kitu kingine chochote. Ukishakichonga, kilaze uso chini juu ya kitambaa kikavu kwa robo saa, futa, halafu gonga. Usitumie wino wa pedi. Tumia rangi nzito ya maji uliyoipaka kwenye sifongo. Wachonge maumbo manene: nyota, samaki, mwezi. Ukitaka ndevu za paka, zichore kwa kalamu baadaye. Kesho yake kiazi kitakuwa kimenywea na muhuri umepinda, kwa hiyo kadi zote zigongwe siku hiyohiyo.

"Kadi zangu zina magonjwa mawili. Nikikunja, mkunjo unapasuka na kuonyesha weupe. Nikibandika, kadi nzima inajikunja kama jani kavu." – Mpenda Kadi

Magonjwa mawili, chanzo kimoja: nyuzi. Karatasi inapotengenezwa kiwandani, nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mmoja, ule ambao mashine inakwenda. Ukikunja sambamba nazo mkunjo ni laini. Ukizikatiza zinavunjika, na rangi ya juu inapasuka nazo. Kuzitambua ni rahisi: ipinde karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande usiokupinga sana ndio ulio sambamba na nyuzi. Kwa karatasi ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, huwezi kuona tofauti kubwa. Kwa kadi ya gramu 250 utaisikia mkononi.

Hata hivyo kadi nene hazikunjwi hivihivi. Piga mfuo kwanza, kwa kalamu iliyokwisha wino na rula. Mfuo huo utakuwa bonde upande mmoja na tuta upande wa pili. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakunja bonde likae ndani. Bonde likae nje, tuta ndani. Jaribu namna zote mbili kwenye kipande kibovu, uone ipi inapasuka.

Kujikunja ni maji ya gundi. Nyuzi zikinywa maji hutanuka, zikikauka hunywea na kuivuta kadi. Gundi nyeupe ya maji ipake nyembamba sana kwa kidole au kipande cha kadibodi, au tumia gundi ya kijiti. Kisha laza kadi kati ya karatasi mbili safi chini ya vitabu vizito hadi asubuhi. Ikiwa tayari imeshajikunja, bandika karatasi ya ukubwa uleule upande wa ndani. Nayo itavuta upande wake, na kadi itanyooka.

"Nina ule unga wa dhahabu unaoyeyuka kwa joto na kuinua mchoro. Je, draya ya nywele inatosha?" – Asiye na Mashine

Hapana. Joto lake ni dogo na upepo wake ni mkali, unga utakuwa sakafuni kabla haujafikiria kuyeyuka. Bila ile mashine ya hewa moto, simamisha pasi iliyopata moto vizuri na usogeze mgongo wa kadi karibu na chuma chake, unga ukiwa upande wa kwako, mpaka uuone unang'aa. Wino uwe wa pigmenti, ambao hukaa juu ya karatasi na kukawia kukauka. Ule mwepesi unaonywewa mara moja hautaushika unga. Watoto wakae mbali na pasi.

"Kadi zangu hazina bahasha zinazozitosha." – Bila Jina

Kata mraba wa sentimita 21, ambao ni upana mzima wa A4, kwa hiyo ukurasa wowote wa kalenda wa ukubwa huo unakupa mmoja. Laza ile kadi ya 105 kwa 148 katikati, pembe za mraba zikitazama juu, chini, kulia na kushoto. Kunja za kulia na kushoto kwanza, kisha ya chini, paka gundi pembezoni tu, na ya juu iwe kifuniko. Anwani iandikwe kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa juu, la sivyo itapotelea kwenye picha.

"Shangazi, mwandiko wangu ni wa kuku. Nichape maneno ya ndani kwa kompyuta?" – Kuku

Mwaka 1843 Mwingereza mmoja, Henry Cole, alizidiwa na barua za Krismasi za kujibu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja, zikachapwa nakala 1,000 zikiwa na salamu tayari. Ndiyo inayotajwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa. Kwa hiyo maneno ya kuchapwa ni mazoea ya zamani, na yalianza na mtu aliyechoka kuandika. Lakini hata Cole aliacha nafasi ya kuandika kwa mkono jina la anayepelekewa na la anayepeleka.

Chapa ukitaka, Kuku, ila majina yawe ya mkono wako. Au fanya ninavyofanya: andika kwenye karatasi nyembamba tofauti, ndogo kuliko kadi kwa milimita 5 kila upande, karatasi ya mistari ikiwa chini yake kukuongoza. Ukikosea unatupa karatasi, si kadi. Ukipatia, ibandike ndani kwa mstari mmoja wa gundi kando ya mkunjo.

"Rafiki yangu amefiwa na baba yake. Nataka kumtengenezea kadi, lakini kila nikigusa vipande vyangu vya rangi naona kama nasherehekea. Nikiweka nyeusi tupu naona kama namtisha. Na sijui niandike nini." – Rafiki

Pole, na kwake pia. Funga droo. Kwa kadi hii chukua kadi moja ya rangi tulivu, kijivu au ya mchanga, na muhuri mmoja tu, jani ikiwezekana. Gonga mara ya kwanza kwenye karatasi ya takataka, mara ya pili nayo hukohuko, na mchoro wa tatu, ule uliofifia, ndio uweke kwenye kadi, chini upande wa kulia. Usiandike lolote kwa nje. Niliwahi kuandika POLE kwa herufi kubwa za dhahabu kwenye kadi ya namna hii, na nilipoiona imesimamishwa mezani kwa mfiwa kati ya kadi nyingine nilitamani kuiiba.

Ndani, usitafute maneno makubwa. Ulimjua yule mzee? Andika jambo moja ulilomwona akifanya: alivyokuwa akikusindikiza mpaka barabarani, au alivyokuwa akikuita kwa jina la utani. Hukumjua, basi andika jambo moja ambalo rafiki yako amewahi kukusimulia juu yake. Kisha sema utafanya nini na siku gani, kwa mfano, "Jumamosi asubuhi nitakuja, tutakaa tu." Mistari minne inatosha. Jina lako.

Kama umetumia wino wa pigmenti, iache wazi usiku kucha kabla ya kuitia kwenye bahasha, maana jani likigusa karatasi likiwa bichi litaacha jani jingine mahali usipolitaka.